C Usiguse

Baba aliupitisha waya huu kwa kamba ya mkonge.
Nakumbuka: mimi darini, tumbo juu ya boriti,
vumbi la popo puani,
yeye chini na tochi, "Vuta, Mwanamkuu, vuta taratibu,
waya si mbuzi."
Ukaja, wa kijivu, ukijinyonganyonga,
toka sebuleni hadi chumba cha kaka Nuhu,
hadi mezani pake, ambapo kompyuta ya kichogo
ilisubiri kama mgeni aliyekwisha nawa mikono.

Alikuwa fundi wa Simu.
Hakuamini kitu kisichoshikika.
Kila kona kibanio, kila kibanio misumari miwili,
na ukutani, kwa penseli, mwandiko wa kazini:
A hapa. B huku. C usiguse.

Miaka imepita. C hatukuigusa.

Sasa Makorora nzima ina dunia kiganjani,
na mama anakwenda kusimama mlangoni kwa jirani,
kanga begani, simu juu,
akimtafuta Salha aliyeko Maskati:
uso unaganda, mdomo wazi,
na bando linakwisha salamu hazijafika kwa watoto.
Salamu za Tanga mnazijua.

Nikanunua ruta, pembe nne, nyeusi.
Muuzaji akasema, "Chomeka tu dada, inajijua."
Haikujijua.
Niliichomeka kwenye waya wa baba, tundu lolote,
na mara nyumba ikawa na wakubwa wawili:
ile ya zamani chini ya meza inagawa namba,
hii mpya juu ya kabati inagawa namba,
zote mbili zinajiita kwa jina moja.
Nuhu akapiga kelele kutoka chumbani,
barua ya mteja imekwama nusu,
simu yangu inasema imeunganishwa
na haifungui kitu.

"Mafahari wawili," nikasema.
"Wapi," akasema mama, anachambua mchele.
"Wapishi wawili, chungu kimoja.
Kila mmoja katia chumvi. Mwambie mmoja akae."

Nikaingia ndani ya ile mpya, ukurasa baada ya ukurasa,
nikaizimia kugawa. Nikaipa jina lake, la mbali kidogo.
Wewe ni mlango, nikaiambia,
mwenye nyumba ni yule mwenye vumbi.
Ikapepesa, ikapepesa,
kijani.

Lakini uani haikufika. Ukuta wa babu,
mawe na chokaa, umeinyima ruhusa.
Sebuleni vijiti vinne, ukumbini viwili,
jikoni, anakoshinda mama, hakuna hata kimoja.

Usiku ule nikaigusa C.

Niliufuata kwa vidole, juu ya mlango wa stoo,
nyuma ya pipa, chini ya rangi tatu za idi tatu,
ukatokea jikoni, juu ya rafu ya masufuria:
umeviringwa, mita tatu za ziada,
ncha imefungwa kwa mfuko wa sukari
na kamba ya mkonge.

"Ah, hiyo," akasema mama.
"Alitaka kuniwekea kompyuta jikoni.
Nikamwambia, jikoni sina wa kumwandikia."

Nikakata ncha, nikapanga nyuzi nane,
rangi kwa rangi, nikabana.
Nikaihamisha ruta juu ya rafu, kando ya kopo la binzari.

Salha akatokea mzima, hadi kidevu,
akauliza, "Mama, unapika nini?"
Mama akasema, "Ngoja," akageuza samaki kwanza.

Nywila tumeweka namba ya simu ya mezani,
ile iliyokatwa siku nyingi.
Ni mama aliyeitaka. Na leo jirani alipoomba,
aliitaja kwa sauti, dirishani, tarakimu moja moja,
usizidishe, usipunguze.
"Mama," nikasema, "hiyo ni siri."
"Siri gani," akasema, "na ilikuwa kwenye kitabu cha simu."