Sikio la Kushoto

Dukani kwa Shaame Faki, Machomanne,
baina ya mshona viatu na muuza vocha,
visanduku viwili vyeusi chini ya kioo
vimelala kama kobe waliovuta vichwa ndani.

"Hiki laki tatu na nusu.
Spika sita utazitawala, moja moja,
ila kumbukumbu yake ni moja.
Hiki laki saba.
Spika kumi, kumbukumbu sita,
na sauti utaichana nyuzi nyuzi
kama mtu achanaye ukindu."

Nikaitikia kwa kichwa
kama tunavyoitikia khutba tusiyoielewa.
Mfukoni upatu wangu: laki nne kasoro,
miezi kumi na moja nikiingoja zamu.
"Kumbukumbu moja maana yake nini?"

Shaame akachukua futi, ile ya mafundi cherehani,
akapima spika ya kulia hadi sikioni mwangu: tisini na tano.
Ya kushoto: mia na arubaini.
"Unaona? Hazifiki pamoja.
Iliyo karibu inadakia,
iliyo mbali inafika watu washaitikia amina.
Kazi ya prosesa ni ya imamu: sawazisheni safu.
Aliyetangulia arudi nyuma kidogo,
milisekunde moja na nukta tatu,
bega kwa bega, ndipo takbira.
Lakini safu hunyooka kwa mtu mmoja.
Cha laki saba kitakuwekea safu yako,
ya mkeo, ya watoto nyuma, ubonyeze tu.
Hiki kina kiti kimoja.
Nikuwekee kipi?"

Kwani kuna kuuliza?
Gari yangu, petroli yangu, deni langu.
Neno lilikuwa ncha ya ulimi.

Kisha nikamkumbuka Raya
na ile kaseti ya harusi ya Mtambwe
niliyomhamishia kwenye flashi,
nduguye Mbwana anapiga fidla,
miaka miwili kabla hatujamzika.
Kila safari, kabla hatujafika Chwale:
"Mbwana simsikii."
"Tepu kongwe hiyo."
"Nasikia dumbaki tu."
"Tepu kongwe, Raya."
Na siku moja, Mungu anisamehe, nilisema
huzuni ndiyo iliyomziba masikio.

Kumbe aliyerekodi alimweka Mbwana kulia.
Kulia ni kwangu.
Miaka yote fidla imelia gotini pangu
nami nikidhani tunakula sinia moja,
na nyama yote iko upande wangu.

"Weka kiti cha kushoto."
Shaame akanitazama
kama mtu anayenunua kanzu kwa kipimo cha jirani.
"Dereva ndiye mwenye gari, bwana."
"Weka."

Akajikunja chini ya dashibodi hadi alasiri,
nyaya zikining'inia kama matumbo ya kuku,
laptopu juu ya paja, kalamu sikioni,
akipunguza hapa, akichelewesha pale,
akimkaripia kijana wake aliyekuwa akipiga miluzi.
Nikalipa. Chenji nikanunua mkate wa ajemi.

Jioni ile Raya alipanda, akafunga mkanda,
akalalamikia vumbi, akalalamikia bei ya unga.
Nikabonyeza, nikanyamaza.
Tukapita kona ya kwanza, ya pili.
Akaacha unga katikati ya sentensi.

Muda mrefu hakusema kitu.
Kisha akainua kidole:
"Hapo. Hapo anakosea.
Siku zote alikuwa anakosea hapo hapo,
nami namwambia, na yeye hasikii."
Akacheka. Akajifuta kwa ncha ya mtandio.
"Rudisha nyuma kidogo."
Nikarudisha. Mara nne, hadi Wete.

Kwangu mie, fidla inanikwaruza goti
na dumbaki limezidi kuchelewa,
kama mgeni wa harusi anayeingia
watu wananawa mikono.
Shaame aliniambia nirudi baada ya wiki,
spika zikishazoea,
huenda akapata pa kutugawia, nusu kwa nusu.

Huu mwezi wa tatu. Sijarudi.