Mizani ya Kisumu Ndogo

Mimi si malenga. Mizani yangu ni ya chuma,
imening'inia kwenye boriti nyuma ya Kisumu Ndogo,
na sihesabu silabi, nahesabu misumari.

Saa moja asubuhi wanaingia na magunia:
Tsuma, Nyevu, na yule mdogo wanayemwita Mkate,
viganja vina kutu hadi ndani ya ile mistari
ambayo mganga akiisoma husema, naona safari.
Shilingi thelathini kilo.
Gramu hamsini za kila kilo hubaki kwangu.
Mizani imezeeka, nawaambia.
Haijazeeka.

Mwaka wa kwanza nilikuwa nauliza.
Tsuma, nani kakutuma?
Mama.
Mama nikamkuta Muyeye juu ya beseni la nguo za watu,
povu hadi viwikoni: muulize mwenye nyumba.
Mwenye nyumba akanitolea karatasi,
ya stima, ya mkopo, ya dawa za mkewe,
akazipanga mezani kama mcheza karata aliyeshindwa.
Mwalimu mkuu akasema shule ni bure.
Bure, na pesa ya mtihani. Bure, na uji.
Bure, na viatu vyeusi, na mshahara wa mlinzi.
Nilijumlisha bure hiyo kwenye kikokotoo changu,
ikanishinda.

Na baba? Alikuwa mpishi kwa Mwitaliano mmoja,
akajua kukanda unga wa tambi kuliko wa sima.
Hoteli ikafungwa. Bwawa la kuogelea sasa lina vyura.
Akashuka Maweni kukata mawe,
msumeno ukamla vidole viwili,
na fidia, walimwambia, iko njiani.

Kila niliyemuuliza alikuwa na kidole,
na kila kidole kilielekea kwingine,
isipokuwa baba Tsuma, aliyekosa cha kunyooshea.
Vikauzunguka mji, vikafika sokoni, vikapita ofisini,
mwisho vikasimama kifuani pangu:
na wewe, mbona wanunua?
Nina jibu. Lori la Mombasa hungoja tani zake.
Jibu langu ni zuri.
Hakuna niliyemkuta na jibu baya.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, walisema wahenga.
Hawakutaja kwa shilingi ngapi.

Jumanne iliyopita Tsuma alileta kitu kimoja tu,
kimeviringwa ndani ya sweta la shule.
Akakitupa kwenye sinia la mizani, kikalia,
na mtaa mzima ukanyamaza, maana tuliijua sauti:
rimu ya lori iliyokuwa ikining'inia kwenye mwarobaini
pale shuleni, ikigongwa kwa bolti
saa mbili kasorobo.

Umeiba kengele?

Akapangusa kamasi kwa sweta lile lile.
"Ilikuwa hainiiti mimi."

Kilo saba na nusu. Nikamwandikia nane.
Sijawahi kukosea upande huo.

Ijumaa lori likaja, likajaa, likaenda.
Rimu iko nyuma ya mlango, chini ya gunia.
Kuiuza sijaiuza. Kuirudisha sijairudisha,
wataniuliza nimeipata kwa nani,
na mimi nitanyoosha kidole.

Asubuhi wenye sare wanapita hapa mlangoni,
wamechelewa, wanakula mahamri taratibu,
hawajui ni saa ngapi.