Kidevu cha Mama

Punda wa mawe wamenigonga mara mbili mwaka huu,
hapa hapa, kichochoroni Langoni,
kwa sababu pembeni kwangu hakuna kitu tena.
Macho yamegota mbele.
Nikitaka kushoto, nageuza shingo.
Nikitaka kulia, nageuza kiwiliwili kizima,
kama kabati linalohamishwa na watu wawili.

Arusini kwa Rukia wakasema naringa.
"Hata jicho hakunitupia!"
Jicho gani la kutupa, dada?
Haya yamejengewa.

Kope nazo zinashuka. Alfajiri huwa juu kidogo;
ikifika adhuhuri nakata plasta, vipande viwili,
nazibandika kwenye paji la uso
nipate kutoboa vitobo vya kofia mpaka alasiri.
Mteja mmoja akauliza: umepigana na nani?

Daktari Kazungu, kule Malindi,
alichora duara mgongoni mwa kasha la dawa,
ndani yake akatia nukta nukta, kama punje za mtama.
Mitokondria, akasema. Majiko.
Kila chembe ya mwili hupikia humo nguvu zake,
na msuli wa jicho ni mlaji mkubwa,
hautulii, hata ndotoni unakimbia.
Yako yanafifia. Mkaa upo, moto haushiki.

Nikauliza dawa. Akafunika kalamu.
Nikauliza, nimeyatoa wapi?
"Majiko haya mtu huachiwa na mama.
Baba hatii hata kijinga kimoja."
Nilicheka. Yeye hakukusudia mzaha.

Niliporudi nilifungua sanduku la marehemu.
Leso tatu zinazonuka kafuri,
risiti ya mabati, jino la nani sijui,
na pasipoti aliyoendea Hija.
Barke binti Shee. Picha ya rangi iliyokwajuka:
kichwa amekitupa nyuma, kidevu juu,
anamtazama mpiga picha
kupitia ufa mwembamba chini ya kope.

Mtaa mzima ulimwita Bi Maringo.
Na mimi pia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili,
nimesimama mlangoni na mkoba wa chuoni,
nikamwambia: Mama, mbona unatazama watu
kama wote wana deni lako?

Hakujibu.
Aliinua kidevu zaidi,
anione.