Tunda la Sita

Miaka thelathini na moja nilikaa mezani
pale kiwandani Moshi, kahawa ikikobolewa,
vumbi la maganda limenitulia kwenye nyusi.
Elirehema, msimamizi, alikuwa na sentensi moja:
“Buni nzuri itajionyesha. Wewe tafuta kasoro.”
Nikatafuta. Iliyotobolewa na mdudu, iliyochacha,
yenye masikio, iliyomeguka ukingoni.
Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani;
macho walisahau kuyadai.

Saa ikasimama. Nikaipeleka kwa Jivraj,
fundi wa karibu na mnara,
niliyekuwa namdai maziwa ya miezi minne.
Nikamkuta anafunga duka, anawafuata wanawe ng’ambo.
Akanisukumia kopo: hela za Mjerumani,
senti kumi zenye tundu,
na chini kabisa kitu cha hudhurungi, kizito, kisicho na tundu,
kichwa cha mwanamke, nywele zimefumuka
kama aliyetoka kitandani kwa kusikia “moto!”
“Ya Marekani hiyo. Ya zamani mno.
Na kioo changu cha jichoni, chukua. Nimemaliza.”

Mpwa wangu Ndewario akaniletea kutoka Arusha
kurasa zilizorudufiwa, wino umefifia.
Nikajifunza: kila senti ilizaliwa na mihuri miwili ya chuma,
mmoja wa uso, mmoja wa mgongo,
ikichongwa kwa mkono, na mkono haujirudii.
Mchongaji alisogeza tarakimu, akasahau jani,
akapachika tunda pasipo tunda.
Muhuri ukichoka, ukapasuka, uliendelea kupigwa,
na kila senti iliyofuata ikabeba mstari mwembamba uliotuna,
mrefu kidogo kuliko wa dada yake.
Ufa wangu unaanzia ukingoni, unakata jani, unagusa herufi.
Kwenye picha haujafika herufi.
Basi yangu ilikuja nyuma, muhuri ukiwa mahututi.

Hapo sikuwa na shaka. Shaka ilikuwa kwenye taji la majani.
Kushoto matunda matano, hakuna ubishi.
Kulia matano,
na kidoa.

Zenye matano ni za kawaida, zimejaa.
Zenye sita, kurasa zinasema, zinahesabika vidoleni.
Miaka miwili niliigeuza kwenye dirisha la alfajiri,
mlima ukiwa wazi, kabla mawingu hayajaufunga.
Jumatatu: tunda. Alhamisi: uchafu.
Sikuisugua. Shaba ya kale haisuguliwi,
rangi yake ndiyo ngozi yake.
Na nilikuwa, niseme ukweli,
nimeanza kupenda kutojua.

Desemba wakaja wote, magari mawili kutoka Dar,
mbuzi, mbege, watoto wasiolala.
Haikaeli, mkamwana, mwenye mikono isiyojua kukaa,
akaona sahani ya vitu vyenye kutu.
Ndimu. Majivu.
Mchana akaniletea, nyekundu-nyeupe kama kitoto cha panya.
“Mama, si sasa imekuwa senti?”
Nilimeza maneno matatu. La nne likatoka.
Akalia. Nikaenda kukamua ng’ombe
ambaye saa ile hakuwa na maziwa.

Usiku, nyumba imelala, nikavaa kioo cha Jivraj.
Kulia: moja, mbili, tatu, nne, tano.
Mahali pa sita, uwanda wa shaba, mtupu.
Ndimu ilikula bei. Ilikula na kidoa.

Nikatoa bahasha ya sampuli, zile za kiwandani,
nikaandika kwa penseli kama nilivyoandika madaraja:
Kushoto tano, kulia tano. Ya kawaida. Imesuguliwa.
Ufa hadi kwenye herufi.
Kisha chini, kwa mwandiko mdogo,
jambo ambalo Elirehema asingeliruhusu:
ulipasuka, na bado waliupiga.

Asubuhi nilimwita Haikaeli jikoni, nikampa kioo.
Alikaa nacho jichoni mpaka chai ikapoa.
“Mama,” akasema,
“hapa shingoni kuna kitu.”