Ulimi wa Kumi na Mbili

Jumamosi bwana Hladík atakuja na gari kutoka Pardubice,
aifungue reli ya darini kipande kwa kipande,
aifunge kwenye magazeti kama vikombe.
Nusu amekwisha kulipa. Sharti lake moja:
kila kitu kiwe kinafanya kazi.

Ndiyo maana niko huku juu, Februari, koti mwilini,
pumzi yangu naiona,
najaribu swichi za marehemu.
Moja: ta! Ulimi wa reli umehama.
Mbili: ta! Tatu, nne, ta, ta,
kama mtu anayevunja karanga chumba cha pili.
Mota zimejificha chini ya ubao, kila moja na anwani yake.
Amri hupita kwenye reli zile zile zinazobeba umeme,
kila mota huzisikia zote
na kuitikia namba yake tu.
Baba alinieleza hili mara tatu. Nilikuwa nasoma simu.

Tano hadi kumi na moja, sawa.
Kumi na mbili, kimya.

Skrini inasema imegeuka. Mshale wa kijani
umeelekea ghalani, mnyoofu, hauna haya.
Nainama mpaka shavu linagusa mataruma:
ulimi umelala palepale,
umeegemea reli ya kushoto.
Mashine inajua ilichosema.
Haijui kilichotendeka.

Nabonyeza tena. Tena. Natwanga.
Chini ya ubao kitu kinakohoa, kinaishia njiani,
na kichwa cha treni, kile cha bluu alichokipaka mwenyewe,
kinaingia: magurudumu ya mbele njia hii,
ya nyuma njia ile.
Shoti.
Stesheni nzima inazimika,
abiria wa plastiki wanabaki gizani na masanduku yao.
Natukana kwa Kicheki, lugha yenye akiba ya kutosha.

Daftari lake limening'inia msumarini kwa uzi.
Miaka thelathini na minne alikaa mnara wa mashariki,
hapa hapa Česká Třebová,
akivuta nyenzo za chuma ndefu kuliko mimi,
na hakuna treni iliyopotea mikononi mwake.
Kurasa za mwanzo, mwandiko wa karani.
Kisha kiharusi, kisha mkono wa kushoto:
herufi zimelala ubavu kama mabehewa yaliyoacha njia.
Ukurasa wa kumi na mbili ni wa mkono huo.

*Usibonyeze mara mbili.
Imesikia. Inakusanya nguvu.
Hesabu mpaka nne.*

Chini yake amechora kapasita, punje ya harage,
inayojaza umeme polepole kabla ya kupiga teke.
Ukiiharakisha, unaimwaga.

Jikoni, mwaka ule wa mwisho, nilimwuliza:
Baba, mayai au supu?
Akanitazama, mdomo ukitafuta pa kuanzia.
Nikauliza tena kwa sauti, kama kwa kiziwi.
Kisha nikamjibia: supu.
Miezi kumi na minne alikula supu.
Husemwa ulimi hauna mfupa.
Wake ulikuwa wa chuma, na baridi imeushika,
nami sikuwahi kufika hata mbili.

Narudisha kichwa cha bluu, gurudumu kwa gurudumu.
Nawasha. Abiria wapo, hakuna aliyeondoka.
Nabonyeza kumi na mbili, mara moja,
nakalia mkono wangu.

Moja.
Theluji inaporomoka paani.
Mbili.
Tatu. Kidole kinawasha.

Ta.

Hata nne haikungoja.

Kwenye orodha ya bwana Hladík naandika:
*Kumi na mbili, nzima. Msubiri.*
Nilikusudia kuandika *isubiri*.
Kalamu naishika juu ya neno hilo kwa muda,
kisha nazima taa, nashuka ngazi,
nimeliacha lilivyo.