Kulwa Nje, Doto Ndani

Tangu jana magharibi sikuwapa panya sita chakula.
Nami sijala tangu daku. Tulikuwa saba wenye njaa
kwenye maabara ya Upanga,
jenereta likikohoa uani, umeme umekatika tena,
joto la Machi limetukalia mabegani
kama mgeni asiyejua kuaga.

Sasa tumebaki watano.
Maini ya wawili yako chini ya hadubini.

Jeni ninayoifuatilia ina pacha.
Kulwa na Doto: ukiwasoma haraka utawachanganya,
kazi yao ni moja, kuunga vipande viwili.
Kulwa hukaa ukumbini, kwenye rojorojo la seli;
aungacho huishia kuwa lehemu.
Doto amepewa chumba cha ndani, mitokondria,
na humo aungacho huwa ketoni,
mkaa wa siku ambayo chungu kimekauka.

Doto huzaliwa na kishungi kwenye paji: *pelekeni ndani*.
Akishavuka kizingiti hukatwa kishungi,
kama sisi tunavyoacha kandambili mlangoni.

"Kwani mahali pana nini?" aliuliza Chambuso,
mwanafunzi wa mwaka wa pili, kalamu sikioni.
"Moto ni uleule," nikamwambia.
"Jikoni ni ugali. Chumbani ni msiba."

Nikawasha taa ya zambarau.
Kijani hakikuenea kama chai iliyomwagika.
Kilijikunja vinyuzivinyuzi, kikakizunguka kiini.
Kwa panya walioshiba, wiki iliyopita,
ilibidi nikodoe macho kukiona.
Leo kinawaka.

Yumo ndani, basi. Anapika.
Ila ini lenyewe halili linachopika;
halina kimeng'enya cha kukiwasha.
Hupakua, hupeleka kwenye moyo, kwenye ubongo,
kisha hurudi jikoni.

Temeke, mwaka wa foleni na unga wa njano,
sufuria moja, watoto watano.
Mama akisimama mlangoni na mwiko:
"Kuleni, mimi nimeshakula jikoni."
Hakuna aliyeinuka kwenda kutazama
huko jikoni kulikuwa na nini.

Daftarini nimeandika: *ini; ndani ya mitokondria; huzidi kwa njaa.*
Magharibi ilipoadhiniwa niliwapa kwanza panya wanne.
Chambuso akanisogezea kisahani cha tende, zimebaki tatu,
na kabla sijafikiri, ulimi
ukawa umeshaanza lile neno la mama.