Cheti Bila Muhuri

Haambiliki, jina alilokupa Shaame Kombo
siku ulipovunja ua ukamaliza mihogo ya jirani,
ni mimi niliyekuchoma sindano ya shingo
mara mbili Jumamosi ile, kiwanjani Kengeja:
ya kwanza umesimama zako, unacheua,
ya pili ulimi nje, povu, jicho limegeuka jeupe.

Zumari lilikuwa halijanyamaza.
Wanawake bado wanakusifu,
wanakuita radi, wanakuita bwana harusi,
na vijana watatu wenye kanga nyekundu
wanabishana ni nani uliyemkosa kwa shibiri.
Kamba ilikuwa imekuchuna chini ya pembe.
Nikaweka kiganja nyuma ya kiwiko chako cha kushoto:
moyo ulikuwa unagonga
kama mtu aliyefungiwa stoo.

Nilisomea Morogoro, lakini niseme kwa lugha ya kwetu.
Moyo hauli majani. Moyo hulipwa.
Kila pigo lina bei yake, papo kwa papo, hakuna mkopo,
na nguvu humfikia mlipwaji kama cheti cha karafuu:
kilo kadhaa, daraja la kwanza, jina, tarehe.
Nasi tuliokaa foleni Mkoani na magunia twajua,
cheti bila muhuri ni karatasi ya kufungia njugu.
Magnesiamu ndiyo muhuri.
Haina makeke. Hugonga tu pembeni mwa karatasi,
na karatasi ikawa pesa.
Ikiondoka, vyeti vimejaa mezani
na mlipaji kakunja mikono.
Halafu kalsiamu huingia bila hodi,
msuli ukakaza, ukasahau kulegea,
na moyo usiolegea haujai,
usiojaa utasukuma nini?
Hofu haikukuua kwa pembe wala kwa kamba, Haambiliki.
Hofu ilikwenda dirishani ikaiba muhuri.

Nikarudi Chake na vichupa viwili ndani ya barafu ya samaki.
Umeme ulikatika, ukarudi saa nne.
Kichupa cha kwanza: kawaida.
Cha pili: kawaida, tena juu kidogo.
Nikampigia Shaame. "Damu yake nzuri."
Akasema alhamdulillahi, simu ikakatika.
Sikumpigia tena kumwambia
(nilijua; nilikuwa na usingizi)
kwamba damu huweza kutajirika kwa mali ya moyo,
kama mnada unavyojaa vyombo
siku nyumba ya mtu inapofilisiwa.

Alfajiri walikukuta umelala ubavu, miguu inachora mchanga.
Wakawahi kisu, bismillahi.
Hukufa kibudu. Shaame alilirudia hilo mara nne.

Nikaomba moyo.
Mkewe, Bi Chumu, alikuwa keshauweka kando kwa supu.
Akaushika mikono miwili, kama mtoto anayetoka kuogeshwa:
"Na huu utakwambia nini
ambacho mwenyewe hakukisema?"
Nikakata kipande, ukubwa wa sabuni iliyokwisha.
Uliobaki akaurudisha kwenye sinia.

Namba ilitoka Jumanne. Ndogo.
Nimeiandika kwa penseli,
maana moyo mmoja si ushahidi,
na wa kulinganisha nao,
moyo wako wa Ijumaa, ulioshiba, usio na kamba,
sikuwa nao. Hakuna aliye nao.

Alhamisi Shaame akaja ofisini.
Hakuwa na mnyama wa kutibiwa.
Akazungumza bei ya pumba, akazungumza mvua,
akasema madume yamejaa Pujini, atanunua jengine, mchezo ni mchezo.
Kisha akanyoosha mkono juu ya meza, anacheka:
"Nipime na mimi basi, daktari wa ng'ombe."

Nikashika penye mshipa, nikatazama saa.
Sabini na mbili.
"Kawaida," nikamwambia,
na sikumwachia mkono.